Tupeane uzoefu: mji wa ukubwa wa kati ukishapokea wakimbizi, unabadilikaje?

Baba Pacha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimesoma nyuzi nyingi za maisha ya Marekani, karibu zote ni New York, Houston au Minneapolis. Sisi tulioletwa kwa kesi ya ukimbizi wengi tulipelekwa miji ambayo hata ofisa aliyetusomea jina la mji kambini alilitamka kwa kujikwaa. Naomba uzi huu uwe wa miji hiyo: ulikuta nini, na leo kuna nini ambacho hakikuwepo. Nani aje na nani asije, hilo lina nyuzi zake.

Naanza. Niko Utica, jimbo la New York. Sensa ya 1960 iliukuta mji huu na watu 100,410. Viwanda vya nguo vikahama kwenda kusini, General Electric wakafunga, na mwaka 1995 kambi ya jeshi la anga ya Griffiss, pale Rome mji jirani, nayo ikafungwa. Sensa ya 2000 ikahesabu watu 60,651. Watu elfu arobaini wameondoka, ila nyumba zao hawakuondoka nazo. Wabosnia wakaanza kuletwa miaka ya 1990, wakaja Wakaren wa Burma, Wabantu wa Somalia, kisha sisi Wakongo. Mwaka 2020 tulikuwa 65,283. Ni ongezeko dogo, lakini mji uliokuwa unapungua kila sensa kwa miaka arobaini, ukisimama tu ni habari.

Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukafika Februari, watu sita, ule mfuko mweupe wa IOM (shirika la uhamiaji) wenye karatasi zetu zote nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Ajensi, yaani shirika linalopokea wakimbizi, wakatuweka ghorofa ya chini kwenye nyumba ya mbao karibu na Mtaa wa Bleecker, zamani kwa Wataliano. Mwenye nyumba Mbosnia, anaishi juu. Siku ya tatu akabisha hodi ameshika rola la plastiki na mashine ya kukaushia nywele. Mke wangu akanitazama, mimi nikamtazama yeye. Kiingereza cha yule mzee kilikuwa cha kiwandani, changu cha kambini, hatukuelewana hata sentensi moja. Akabandika plastiki kwenye fremu ya dirisha, akawasha mashine, plastiki ikajikaza kama ngozi ya ngoma. Upepo ukakatika. Akanikabidhi mashine nimalizie madirisha saba yaliyobaki. Baadaye Kiingereza kilipopanda akaniambia ujanja ule alifundishwa na bibi wa Kitaliano, jirani yake wa kwanza.

Miaka sita baadaye nikanunua nyumba ya tatu kutoka ile. Mji ulikuwa umeichukua kwa deni la kodi, madirisha yamepigiliwa mbao, ndani njiwa wanataga. Masharti: uikarabati ndani ya muda au wanaichukua tena. Mke wangu anasafisha vyumba kasino ya Turning Stone, mimi zamu ya usiku kiwandani, na likelemba ya watu kumi (Watanzania mnaita upatu) ndiyo iliyolipa paa. Jipsam tulifunga wenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi. Kwa miaka nyumba ile haikulipa senti, leo inalipa kodi ya mji kila mwaka. Watu hupiga hesabu ya kadi ya chakula tuliyotumia mwaka wa kwanza. Hesabu ya paa hawapigi.

Mzigua wa Kaskazini

Hodi. Mimi sikuja kama mkimbizi, ni mzaliwa wa Handeni, nimefika Maine kwa ndoa. Niko Lewiston, watu kama 37,000.

Hapa kuna tofauti kubwa na Utica: Wasomali wa kwanza hawakuletwa, walijileta. Walishapangiwa miji mingine, wakaanza kuhamia huku Februari 2001 wakifuata nyumba za bei nafuu na shule zenye utulivu. Mji haukuwa umejiandaa kwa lolote. Oktoba 2002 meya akaandika barua ya wazi kuwaomba viongozi wa Wasomali wawaambie ndugu zao wapunguze kasi ya kuja. Barua ikazunguka dunia nzima. Januari 2003 wakaja wabaguzi wa rangi kufanya mkutano wao, wakajikusanya kikundi kidogo tu, huku chuo cha Bates kikifurika watu zaidi ya 4,000 waliokuja kusimama na Wasomali. Nilikuwa sijafika, nimesimuliwa na mama mkwe wangu aliyekuwepo. Anasema hajawahi kusikia baridi kama siku ile. Yeye mwenyewe babu zake ni Wafaransa wa Kanada waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, na wao walitukanwa vilevile kwa lugha yao na kanisa lao.

Leo Mtaa wa Lisbon una maduka ya Wasomali, mchele, vitenge, hawala. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ilichukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, kikosi kimejaa watoto wa wakimbizi. Mwaka 2019 Safiya Khalid, aliyeingia Marekani akiwa mtoto, akachaguliwa diwani.

Ila hayo mtayasoma popote. Ngoja niwape langu. Kuna mashamba nje kidogo ya mji ambako Wabantu wa Somalia wanalima mahindi na mboga. Nilikwenda kununua kitunguu, nikasikia bibi mmoja anamfokea mjukuu wake aliyekanyaga tuta. Nikasimama. Kile hakikuwa Kiswahili wala Kisomali. Kilikuwa Kizigua, tena cha marehemu bibi yangu, chenye maneno ambayo Handeni yenyewe siku hizi wamebaki nayo wazee. Nikamwitikia kwa lugha ileile. Akadondosha jembe.

Kwa wasiojua: mababu zao walichukuliwa kule kwetu karne ya 19 wakauzwa Somalia, wakatoroka wakajenga vijiji bonde la Juba, na wapo walioitunza lugha muda wote huo. Vita ikawatoa, wakaishia kambi ya Dadaab nchini Kenya, wakahamishiwa kambi ya Kakuma hukohuko, na kuanzia 2003 Marekani ikapokea kama 12,000. Tulikaa juu ya ndoo karibu saa nzima. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mvua za mwaka huo zimenyesha vizuri Handeni.

Mkalimani wa Zamu

Nimesoma nikafurahi, sasa niwaharibie kidogo. Mji wangu siutaji kwa sababu bado nakula huko.

Mzigo wa kwanza unaoangukia mji ni lugha, na unaanguka siku moja. Nyumba inaweza kungoja miaka sita, mtu mwenye homa hangoji. Sheria ya haki za raia ya 1964 inataka taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu imhudumie mtu hata kama hajui Kiingereza. Kwa vitendo ni simu, skrini yenye magurudumu au mtu kama mimi, na malipo yanatoka kwenye bajeti ambayo haikupangwa kwa ajili ya lugha kumi na nane.

Nimefika kliniki nikamkuta mama ameletwa mara ya pili, sukari imepanda vibaya. Mara ya kwanza aliyemtafsiria alikuwa mwanawe wa miaka kumi na moja. Daktari alieleza sindano, saa za kuchoma, namna ya kupima. Mtoto akamwambia mama yake: "Anasema uache sukari." Mama akaacha kuweka sukari kwenye chai, wiki tano, sindano ziko kwenye friji hazijaguswa. Yule mtoto alikuwa pale pembeni wakati naeleza upya, nikaona masikio yake yanakuwa mekundu. Hakukosea kwa uzembe. Alifupisha kama watoto wanavyofupisha.

Shuleni ni hivyohivyo. Mwalimu mwenye watoto ishirini na watano anapokea wanne katikati ya muhula, mmoja ana miaka kumi na minne na hajawahi kukaa darasani. Walimu niliowaona hawana chuki, wamechoka. Anayesema hakuna gharama hajawahi kukaa kwenye kikao cha wazazi chenye lugha sita.

Jirani wa Ziwani

Mimi ni Mkenya, niko Erie, Pennsylvania tangu 2009, nilikuja na makaratasi ya uuguzi. Baba Pacha, heshima kwako, lakini hesabu zako usizitembeze miji yote. Erie tulikuwa 101,786 mwaka 2010 na 94,831 mwaka 2020. Na miaka hiyo yote wakimbizi walikuwa wanakuja: Wabhutan wa asili ya Nepal, Wairaki, Wasiria, Wakongo. Wanakuja, na wengi wanaondoka.

Nimeona mara nyingi. Familia inapokelewa, ajensi inahangaika nayo zile siku tisini za mwanzo, kanisa linaleta masofa. Mtu akishapata kadi yake ya sosho (Social Security) na leseni, binamu anapiga simu kutoka Ohio ama Iowa: huku kiwanda cha nyama kinalipa dola mbili zaidi. Wikendi moja wamefunga gari. Wewe jirani umebaki na masofa. Mji ndio uliolipia darasa la Kiingereza na chanjo, mavuno ni ya mji mwingine. Siwalaumu, hata mimi kazi ikiniita nitaenda. Ila tusiseme mji umefufuka.

Na lingine hamjaligusa: wenye nyumba. Kuna mmoja kwetu alijua kabisa kwamba mgeni haulizi. Jengo lina kunguni, bomba linavuja, yeye anachukua familia mpya kila miezi michache kwa sababu ya awali zimehama. Nilimsaidia mama mmoja kuandika malalamiko. Akaniuliza kama jina lake likionekana pale watamrudisha kambini. Ilinichukua jioni nzima kumweleza kwamba mpangaji kudai bomba litengenezwe si kesi.

Mwana Mpanda

Mnaongelea Marekani tu? Njooni Katavi. Warundi waliokimbia kwao 1972 waliwekwa Katumba na Mishamo, pori tupu, kila familia na eneo lake la kulima. Tangu 2014 zaidi ya 160,000, ukijumlisha na wa Ulyankulu kule Tabora, wamepewa uraia wa Tanzania. Mahindi na maharage ya sokoni Mpanda mengi yalikuwa yanatoka kwao, mimi nimelelewa kwa hayo maharage.

Baba Pacha

Mwana Mpanda, hiyo inataka uzi wake kamili. Fungua, nitakuja kusoma.

Mama Kwaya

Langu fupi. Parokia tuliyopewa kuabudu ilikuwa na wazee wa Kimarekani kama ishirini, wote wa mstari wa mbele. Sisi tukapewa saa nane mchana. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapishana mlangoni, salamu na tabasamu basi. Boila ikaharibika katikati ya Januari, wakaunganisha misa zote kwenye ukumbi mdogo wenye hita. Ngoma na kinanda chumba kimoja! Bibi mmoja aliziba masikio tangu utangulizi. Wiki ya tatu akaniuliza kayamba linashikwaje. Boila imetengenezwa, yeye saa nane bado anakuja, na mapigo bado yanamshinda.

Utica nako nasikia Wabosnia walinunua kanisa kubwa la Wamethodisti wakalifanya msikiti, ni kweli?

Baba Pacha

Kweli, mwaka 2008, liko jirani kabisa na ofisi ya meya. Lilikuwa limeshasemwa libomolewe.

Dada wa Kasulu

Nimekuwa nasoma tu, leo niandike. Mimi nilikuja na watoto wangu, mama yangu akabaki Nyarugusu kwa sababu kesi yake ilikuwa namba tofauti. Mwishoni mwa 2024 akamaliza medikali, akapewa tarehe ya ndege ya Februari. Nikahamia nyumba yenye chumba cha chini ili asipande ngazi. Tarehe 20 Januari 2025 ikatoka amri ya rais ya kusimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi, na ndege zikafutwa. Alikuwa ameshagawa vyombo vyake, sufuria kwa huyu, neti kwa yule. Ikabidi azunguke kuviomba tena.

Mnaongelea mji, basi niseme nilichoona kwenye mji. Ajensi iliyonipokea ilipunguza wafanyakazi, yule aliyenifundisha kupanda basi sasa anauza simu. Darasa la Kiingereza la asubuhi limefungwa. Kiwandani kwetu msimamizi alikuwa amezoea kupiga simu ajensi akitaka watu watano, siku hizi anatuuliza sisi kama hatuna ndugu. Nikamwambia ninaye mmoja, ana miaka sabini na mbili. Akacheka, kisha akaona sicheki.

Jirani wa Ziwani

Pole sana dada. Hapo mimi sina neno.

Mkalimani wa Zamu

Dada, nitumie ujumbe wa faragha. Kuna wanasheria wa kujitolea nawafahamu. Siahidi kitu, ila kesi yake isikae bila mtu wa kuifuatilia.

Baba Pacha

Pole dada yangu. Nilikuwa kitongoji cha pili kutoka barabara kuu pale Nyarugusu. Kama mama yuko upande huo nitumie namba ya nyumba, nina shemeji bado yuko pale anaweza kwenda kumsalimia.

Jirani wa Ziwani, nilikuwa na jibu refu kwa ajili yako, nimelifuta. Mpangaji wangu wa juu, Mkongo mwenzangu wa Fizi, alihama Jumapili kwenda Iowa. Kiwanda cha nyama, kama ulivyosema. Ameniachia masofa mawili na baiskeli ya mtoto. Kwa hiyo ghorofa ya juu iko wazi, vyumba vitatu, shule unaenda kwa miguu. Mwenye kuhitaji aje sanduku la ujumbe kabla ya Novemba. Plastiki ya madirisha naweka mimi mwenyewe.