Msaada: goti la mdogo wangu limevimba baada ya kuharisha, tumpe dawa gani?

Dada_wa_Pasua: Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi. Mdogo wangu ana miaka 24, aliharisha vibaya akapona. Kama wiki mbili baadaye goti la kulia likavimba, kisigino kinamuuma hadi anakanyagia vidole, na macho ni mekundu. Duka la dawa wametupa amoksilini na diklofenaki. Diklofenaki inamtuliza, amoksilini sioni kazi yake. Jirani anasema ni gauti (jongo). Tutafute antibayotiki kali zaidi?

Tabibu_Njoro: Pole sana dada. Ana homa sasa? Goti ni la moto, hawezi hata kulisogeza? Kama ndiyo, usisubiri majibu humu, mpeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC usiku huu huu. Usaha ndani ya goti unakula gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) kwa siku chache tu. Hapo usaha hunyonywa gotini kwa sindano na dawa huanza kwa sindano ya mshipa.

Dada_wa_Pasua: Homa hana. Analikunja, ila kwa shida.

Tabibu_Njoro: Basi inafanana na baridi yabisi inayofuata maambukizi. Bakteria wa kuharisha kama salmonela au shigela walishaondoka tumboni, kinga ya mwili ndiyo inayowasha goti, kwa hiyo antibayotiki kali haitasaidia. Klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao nao huweza kuleta hali hii, ni tofauti: muulize faraghani kama mkojo unamchoma. Hiyo hutibiwa kwa doksisaiklini siku 7, yeye na mwenzi wake. Kwa goti, diklofenaki, naproksini au ibuprofeni, MOJA tu, baada ya kula. Kama ana vidonda vya tumbo au shida ya figo, amwambie daktari kabla hajaendelea. Ikigoma, huchomwa steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) gotini, lakini maji ya goti yapimwe kwanza. Ikidumu miezi, kuna dawa iitwayo sulfasalazini. Wengi hupona ndani ya miezi 6 hadi 12. Macho yaonwe na daktari wa macho, msinunue matone.

Mama_Machame: Anakunywa maziwa mabichi? Mume wangu alitibiwa taifodi weee, kumbe ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaopatikana kwa maziwa mabichi, nyonga ilikuwa haishikiki. Alipewa doksisaiklini na rifampisini wiki 6. Msiache katikati, inarudi.

Dada_wa_Pasua: Nyumbani tunachemsha, ila kwa bibi huko Kibosho anakunywa mtindi wa maziwa mabichi. Asubuhi tunaenda hospitali, nitaomba wapime brusela na maji ya goti. Asanteni sana.

Tabibu_Njoro: Beba na maboksi ya dawa alizokwisha kunywa, dada. Daktari atayahitaji.