Naomba ushauri: Pasiansi (chuo cha wanyamapori) au SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino) kwa anayetaka kutangaza vipindi vya wanyamapori?

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu hapa Kirumba, Mwanza, kamaliza kidato cha sita, anataka kuwa kama Steve Irwin, yule Mwaustralia wa mamba aliyeuawa na samaki taa mwaka 2006 akirekodi kipindi. (Bi mkubwa hajui habari ya taa, tuiache hivyo.)

Dogo hana uoga. Kule hifadhi ya kisiwa cha Saanane kajilaza kifudifudi juu ya jiwe la moto kumngoja mjusi mwenye kichwa chekundu, simu mkononi, huku anatangaza kwa kunong'ona.

Aanze Pasiansi avumilie kwata, au SAUT asomee habari? Mimi naona mnyama kwanza, kamera baadaye. Na waliorekodi hifadhi ya Rubondo, kibali cha TANAPA (Hifadhi za Taifa) kinatosha au Bodi ya Filamu nayo inahusika?