Ofisi imeondolewa kuta, hesabu hazifungiki. Naombeni ushauri

Mhasibu_Dar: Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mhasibu, kampuni yetu ipo Dar. Zamani tulikaa watatu kwenye chumba chenye madirisha pande mbili. Mwaka huu tumehamia jengo la vioo, ukumbi mmoja watu wote. Meza yangu iko kati ya watu wa mauzo na mashine ya fotokopi. Wa mauzo kazi yao ni simu, siwalaumu. Lakini nikiwa naoanisha taarifa ya benki na vitabu, mtu akipaza sauti "mzigo umefika bandarini?", nimeshapotea, naanza upya. Kuanzia saa nane mchana jua linapiga kioo cha magharibi, skrini haisomeki. AC nayo inanipulizia kisogoni, nashinda na sweta. Jioni kichwa kinagonga. Ritani ya VAT, yaani fomu ya kodi ya ongezeko la thamani, ni tarehe 20, mwezi uliopita tuliiwahi kwa shida na bosi anaona nimezembea. Niombe kufanyia kazi nyumbani au nitafute pengine?

Mtafutaji: Dada, usiache kazi kabla hujapata nyingine. Mtaani pagumu.

Mchora_Ramani: Pole sana dada yangu. Huo si uzembe. Waajiri wanaamini kuta zikiondoka watu wataongea zaidi. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha walichopima kwenye makao makuu ya kampuni mbili kubwa zilizohamia ofisi za wazi: maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, watu wakahamia kwenye barua pepe na ujumbe. Mtu asiye na ukuta hujifungia kimyakimya.

Kuhusu joto, inaniuma kuona tunavyojenga. Kioo kitupu upande wa magharibi hapa kwetu ni kukaribisha jua ndani, halafu unalipia umeme kulitoa. Jengo la Eastgate la Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa 1996, msanifu Mick Pearce alilichora tofauti: zege zito, vioo vilivyokingwa jua, hewa baridi ya usiku inapitishwa ndani ili ipooze jengo kwa ajili ya kesho yake. Linatumia umeme kidogo mno kwa upoozaji. Kwetu Pwani usiku haupoi kama Harare, ila kivuli na upepo tunavyo.

Mama_Rasilimali: Nimekaa idara ya utumishi miaka mingi. Usiende na malalamiko, nenda na maandishi: kazi ipi inakwama, saa ngapi, kwa sababu gani. Kisha omba kitu kimoja kinachowezekana. Kufanyia nyumbani siku za kufunga mwezi ni ombi jepesi kuliko kudai chumba. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha mwajiri, lakini usiianzie hiyo, anza na ritani.

Mhasibu_Dar: Asanteni sana. Kuna chumba kidogo cha vikao, asubuhi huwa kitupu. Nitaomba hicho wiki ya VAT. Mkuu Mchora_Ramani, meza niiweke vipi?

Mchora_Ramani: Dirisha liwe ubavuni kwako, lisiwe mgongoni wala usoni. Na mwambie fundi wa AC ageuze vile vibao vya kuelekeza upepo viangalie juu, ni kazi ya dakika chache. Anza na hilo kesho, halihitaji kibali cha bosi.