Naomba ushauri: agari ya virutubisho inafaa kuotesha fangasi?

MwanaKuvu
Habari zenu wadau. Nina mradi wa chuo wa kuotesha fangasi kutoka kwenye majani yaliyooza. Nilichonacho ni kopo la unga wa agari ya virutubisho (agari ni kigandishi kitokanacho na mwani, cha kuoteshea vijidudu), ile yenye peptoni (protini iliyomeng'enywa) na dondoo ya nyama. Naufuata mwongozo wa kopo neno kwa neno, lakini sahani zinajaa madoa yanayong'aa, yenye utelezi, na fangasi wanajitokeza kwa kusuasua. Tena mifuniko inatota maji hadi ndani sioni kitu. Otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha) sina, natumia sufuria ya presha. Shida ni unga, sufuria au mkono wangu?

Dokta_Ukungu
Unga. Hayo madoa ya utelezi ni bakteria, na umewaandalia karamu. Agari ya virutubisho ina pH (kipimo cha uchachu, 7 ikiwa katikati) inayokaribia 7 na protini ya kutosha, yaani wanachokitaka wao. Fangasi wanaweza kuota humo, ila mbio hizo hawazishindi. Wao wape sukari na uchachu kidogo, pH 5.6 hivi.

Tengeneza agari ya viazi na glukosi. Menya viazi gramu 200, katakata, chemsha nusu saa, kisha chuja kwa kitambaa. Kwenye hayo maji tia glukosi gramu 20 na agari tupu ya unga gramu 15, ongeza maji hadi lita moja. Kwisha.

BintiPetri
Hiyo "kwisha" ya Daktari ndiyo inayowaponza watu, maana kazi ndiyo kwanza imeanza 😀

Agari inyunyize kidogo kidogo huku unakoroga, la sivyo inatuama chini na kuungua. Chupa ijae nusu tu, na kifuniko kiwe kimelegezwa. Kwenye sufuria, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa kabla ya kuweka kile kizito cha juu. Hewa ikibaki ndani, presha inaweza kusoma vizuri na joto lisifike nyuzi 121. Hesabu dakika 15 kuanzia presha inapofika 15 psi (paundi kwa inchi ya mraba), siyo ulipowasha jiko. Kama sufuria yako haifiki hapo, ongeza muda. Ukishazima, usifungulie mvuke: agari itafumka na kumwagika yote.

Maji ya mifuniko ni kwa sababu unamimina ikiwa ya moto mno. Subiri ishuke hadi nyuzi 45 au 50, chupa ikishikika mkononi bila kukuunguza. Usizubae lakini, ikifika chini ya 40 inaanza kuganda, na kuiyeyusha tena inabidi uirudishe karibu na 85. Sahani ya milimita 90 inatosha mililita 15 hadi 20. Zikiganda, zigeuze juu chini.

Mpinzani_wa_Daima
Mbona mnamtupisha kopo zima? Atie antibiotiki humohumo, bakteria wafe, fangasi wabaki na uwanja.

Dokta_Ukungu
@Mpinzani_wa_Daima bakteria watapungua, sawa, lakini chakula bado ni cha bakteria. Hilo kopo alitunzie mradi mwingine. Kwenye agari ya viazi ndiyo antibiotiki itafaa: kloramfenikoli miligramu 50 kwa lita, hiyo inavumilia moto wa otoklevu. Penisilini haivumilii, hutiwa agari ikishapoa.

Njia nyingine ni asidi ya tartariki ya asilimia 10, unaidondosha hadi pH ifike 3.5. Itie BAADA ya kuchemsha. Asidi na agari zikichemka pamoja, agari inakatikakatika na unabaki na uji usioganda.

MwanaKuvu
Shukrani sana wakuu. Na nikikosa vyote viwili, asidi na antibiotiki?

BintiPetri
Basi anzia kwenye jani lenyewe, mdogo wangu. Usichukue katikati ya uozo, huko wamejaa wapangaji wa kila aina. Kata vipande vidogo pale sehemu nzima inapokutana na iliyooza, vitumbukize kwenye hipokloriti (kemikali ya dawa ya kung'arisha nguo) ya asilimia 1 kwa dakika moja, suuza kwa maji yaliyochemshwa kwenye presha, kausha, ndipo uweke kwenye sahani. Zikae kwenye nyuzi 25 hivi.

Utando mweupe ukianza kusambaa, usingoje ujaze sahani. Kata kipande cha agari kwenye ukingo wake wa nje kabisa, kinachotosha ncha ya sindano, hamishia sahani mpya. Fangasi anatambaa, bakteria wengi wanabaki palepale, kwa hiyo ukingoni ndiko kwenye usafi. Rudia mpaka upate aliye peke yake.

Na kila ukimimina, acha sahani mbili bila kupanda kitu, uziweke pamoja na zako nyingine. Zikiota, tatizo ni sufuria au umiminaji, jani halihusiki.

Dokta_Ukungu
Zile za zamani zilizojaa utelezi usizifungue kunusa, hujui umeotesha nini. Zirudishe kwenye presha zikiwa zimefungwa, halafu ndiyo utupe. Kama ni za plastiki, zitie kwanza kwenye chombo kinachostahimili moto, zitayeyuka.