Mashine ya kukereza yatetemeka, na jioni yakataa kuanza. Naomba ushauri

Mkereza_Langoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni muuza vitambaa hapa Lamu, mtaa wa Langoni, lakini babu yangu alikuwa mkereza wa miguu ya vitanda. Yeye alikereza kwa kamba, na mtoto wa kuivuta. Mimi ukubwani nimeingiwa na hamu ile ile, mtoto wa kuvuta kamba sina, nikanunua mashine ndogo ya mezani iliyokwisha tumika huko Mombasa. Ilikuja kwa lori hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, punda akaimalizia safari. Nimeiweka ghorofani.

Sasa ina maradhi. Nikifunga gogo la inchi 6 yatetemeka hadi dari. Mama akaa chini, asema vumbi la chokaa lamwangukia kwenye chai. Pili, asubuhi huanza vizuri, lakini jioni yaunguruma tu bila kuzunguka mpaka niisukume kwa mkono. Tatu, reli zimeshika kutu na kile kichwa cha nyuma, kinachoshikilia mwisho wa gogo, hakitelezi tena. Na patasi zangu zikigusa mvule zapoteza makali upesi, sijui ni chuma kibovu au ni mimi.

Mota imeandikwa 370W, 240V. Fundi mmoja ameniambia imekufa, niipeleke ikasukwe nyaya zake upya. Kabla sijatoa pesa, mwaonaje?

FundiUmeme_Kisauni

Wa alaikum salaam. Usiisuke bado. Mota iliyoungua hunuka, na hata ukiisukuma haiendi vizuri. Yako ikisukumwa yazunguka, kwa hiyo kinachokosekana ni msukumo wa mwanzo, na kazi hiyo ni ya kapasita, ule mkebe ulio ubavuni mwa mota. Chomoa plagi ukutani, usitosheke na kuzima swichi. Kisha usiiguse kapasita kwa vidole, maana hubaki na umeme hata mashine ikiwa imechomolewa. Chukua balbu ya zamani ya 240V yenye nyaya mbili, zigusishe kwenye ncha zake kwa sekunde kadhaa, ndipo uitoe. Tazama kama imevimba au imevuja, na usome mikrofaradi ngapi (ndicho kipimo cha uwezo wake), volti ngapi.

Hii tabia ya kusukuma kwa mkono iache leo hii. Siku moja itaanza vidole vikiwa bado hapo.

Huko ghorofani umeme waupata vipi?

Mkereza_Langoni

Nimevuta waya wa ekstensheni kutoka chini, mita 30. Nusu yake bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Ni ule mwembamba tuliokuwa tukitumia kwa redio na feni.

FundiUmeme_Kisauni

Basi jioni yako nimeiona. Saa hizo mtaa mzima umewasha taa, pasi na friji, volti zashuka, halafu waya wako mwembamba wazila zilizobaki. Volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya mota kuanza hupungua karibu moja ya tano. Kapasita iliyochoka asubuhi yajikongoja, jioni yashindwa. Tafuta waya wa milimita 2.5 za mraba, mfupi uwezavyo, na uukunjue wote. Waya ulioviringwa ukifanya kazi hupata moto.

Mla_Mahamri

Mama ashukuru ni chokaa. Kwetu ingeshuka boriti.

Binti_wa_Matondoni

Kaka, mkanda umeuweka kwenye ngazi gani ya puli? Na gogo hilo umelitoa wapi?

Mkereza_Langoni

Dada, mkanda uko kwenye puli kubwa upande wa mota na ndogo upande wa kichwa cha mbele kinachozungusha gogo. Nilikuta hivyo, nikaona kasi zaidi ndiyo nguvu zaidi. Gogo ni mbao ya jahazi kuukuu, nilipewa bure.

Binti_wa_Matondoni

Ni kinyume chake. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa, na ndiyo inayoitesa mota wakati wa kuanza, ni kama baiskeli yenye gia ukaanzia kupanda kilima kwa gia nzito. Rudisha mkanda kwenye puli ndogo ya mota, huenda nusu ya hayo maradhi ya jioni yakaisha kabla hujanunua kitu.

Hesabu ninayotumia mimi: kipenyo kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu likae kati ya 6000 na 9000. Gogo la inchi 6 lataka mizunguko 1000 hadi 1500, na hapo ni likishakuwa mviringo. Likiwa bado lina pembe anza na kasi ya chini kabisa uliyonayo, hata kama roho yakuambia wapoteza wakati. Kata pembe kwa msumeno kwanza.

Ama mbao ya jahazi, baba yangu ni fundi wa majahazi na mimi nimekua juu ya mbao hizo, kwa hivyo nisikilize. Zina misumari iliyokatika ndani isiyoonekana, na upande wenye chuma huwa mzito kuliko mwingine. Pitisha sumaku pande zote, ya spika mbovu yatosha. Msumari ukikutana na patasi kwa kasi hiyo, kipande hakiulizi jicho la nani. Vaa ngao ya uso. Na mbao hizo zimekunywa chumvi miaka mingi. Unga wake ukilala juu ya reli zako usiku kucha, asubuhi wakuta kutu.

Mzee_wa_Randa

Niko Malindi, nina mashine kama hiyo mwaka wa tisa sasa. Wenzangu wamesema vizuri, lakini hakuna aliyekuambia utenganishe. Toa mkanda. Washa mota peke yake. Ikitetemeka, tatizo ni mota. Ikitulia, izime, chomoa, kisha zungusha shafti ya kichwa kwa mkono polepole huku umeweka sikio karibu. Beringi nzima huzunguka kimya kama maji ya mtungini. Ikikwaruza kama mchanga, imekwisha. Shika shafti uitikise juu na chini, kusiwe na mchezo. Kaza na skrubu ndogo za puli, hizo hulegea wenyewe na mtu akalaumu kila kitu kingine.

Reli: mafuta ya taa na msasa wa 320, sugua kufuata urefu wake, usiende kwa duara. Futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Halafu usipake oili, maana hushika vumbi na kutia madoa kwenye kazi. Paka nta ya nyuki, acha ikauke, ing'arishe. Wakati wa kusi mimi hurudia kila wiki mbili. Funika kwa shuka la pamba. Nailoni hapana, jasho hukusanyika chini yake.

Ukimaliza, sogeza kichwa cha nyuma hadi ncha yake iguse ncha ya mbele. Zisipokutana sawasawa, tafuta takataka chini ya kichwa kabla ya kutafuta fundi.

Na kama wewe ni mtu wa kukereza na kikoi kiunoni kama mimi zamani, vaa suruali. Nilipoteza kikoi kizuri na karibu nipoteze heshima.

Mpemba_Unguja

Hapo kwenye mvule usijilaumu, yakhe. Mvule una vijiwe vya chokaa ndani yake, vigumu kweli, mti unajitengenezea wenyewe. Patasi ikikigonga kimoja, makali yameondoka. Tumia bobari, ile patasi yenye mkunjo, ya chuma kile cha kasi (HSS), siyo cha kaboni, na unoe kidogo kidogo mara nyingi. Kama ni ya kaboni, usiache ncha igeuke buluu kwenye jiwe la kunolea, chovya majini kila mara. Ikishageuka buluu imelainika, utanoa mpaka uchoke.

Na vumbi la mvule si la mchezo. Linawasha ngozi na kifua, wengine wanapata pumu. Barakoa nzuri, madirisha wazi.

Mkereza_Langoni

Naleta habari baada ya siku 12. Kapasita ilikuwa imeandikwa mikrofaradi 12, volti 450, tumbo limevimba. Fundi wa redio kanipimia, zimebaki 5. Nimeweka mpya ya 12 na 450. Waya nimebadilisha. Mkanda nimeushusha ngazi. Jana baada ya magharibi nimewasha mara sita, imeanza mara sita.

Gogo la jahazi sumaku ililikamata sehemu tatu. Nimelitoa, sasa limekuwa kigoda cha mama jikoni.

Reli zateleza. Mtetemeko umepungua sana, lakini nikiwasha tu kuna mapigo, tuk tuk tuk, ya kama dakika mbili, kisha yatulia. Na beringi ya mbele, Mzee, ina ule mchanga uliosema.

Mzee_wa_Randa

Hayo mapigo ni mkanda. Umelala kwenye puli miezi mingi bila kuzunguka, ukashika umbo. Ukipata moto hunyooka. Jioni ukimaliza kazi uwe waulegeza.

Beringi badilisha zote mbili, kichwa kishafunguliwa. Usinunue kwa kukisia. Soma namba iliyochongwa ubavuni. Ikiwa 6204, shimo ni milimita 20, nje 47, upana 14, nawe taka yenye 2RS mwishoni, hiyo ina mpira pande zote mbili na vumbi haliingii. Ukiipachika kwenye shafti, sukuma kwa ukingo wa ndani tu, na kipande cha bomba. Ukigonga ukingo wa nje umeiua kabla haijazunguka.

Mkereza_Langoni

Nimesoma, ni 6005 mbele na 6004 nyuma. Kuna jamaa anakwenda Mombasa Jumamosi, nampa zile kuukuu mkononi aende nazo dukani.

Mzee_wa_Randa

Vizuri. Mwambie asikubali ya bei rahisi isiyo na jina.