Naomba ushauri: dada wa stesheneri na menyu mpya za kompyuta

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina stesheneri hapa Moshi karibu na stendi, tunachapa barua, CV na mitihani ya shule. Dada anayechapa alijifunzia Word 2003, mkono wake unajua kila kitu kilipo bila hata kutafuta. Sasa tumeleta mashine ya Windows 11 yenye Word mpya, zile menyu hakuna, juu kuna utepe wa vitufe (ulianza na Office 2007), Start nayo ipo katikati, mteja amesimama na flashi yake anasubiri na dada bado anatafuta pa kuweka namba za kurasa, roho inaniuma jamani.

Mwenzangu anasema atazoea tu. Mi naona si haki, yule dada si mzito, kazi anaijua. Start nimeshairudisha kushoto kwenye setingi, na Ctrl+P (kuprinti), Ctrl+S (kuhifadhi) zinafanya kazi vilevile. Nawaza nimwekee LibreOffice (programu nyingine ya kuchapa kama Word) maana yenyewe inakuachia menyu za zamani, ila naogopa mitihani ya walimu itavurugika mpangilio.

Waliopitia hili, mlimfundisha mtu utepe kwa njia gani? Au niweke tu LibreOffice?