Mrejesho: alulosi iliyogomea kwenye asilimia 30

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini fruktosi yangu (sukari ya matunda), nikiitia kimeng'enya, inageuka alulosi (sukari nyingine, adimu) mpaka karibu asilimia 30, kisha inagoma. Nilidhani kimeng'enya hicho, kinachoharakisha ugeuzaji, kinakufa, nikawa nimeshakiongeza mara mbili bila faida.

Aliyenishauri nianze kinyumenyume, asante sana. Niliweka alulosi tupu na kimeng'enya kilekile: ikaanza kurudi kuwa fruktosi, ikasimama kwenye uwiano uleule! Kumbe epimerezi, yaani kimeng'enya changu, ni nzima, inageuza kwenda na kurudi, na pale ndipo mmenyuko unapofikia msawazo: kwenda na kurudi kunalingana kasi. Ukiongeza kimeng'enya unafika mapema tu, huvuki mpaka.

Mlisema kimeng'enya kinahitaji manganizi (madini) ili kifanye kazi vizuri, na ni kweli. Niliisahau siku moja, kasi ikaporomoka.

Kilichobaki ni kutenganisha sukari hizo mbili. Safu ya resini yenye kalsiamu (bomba lililojazwa chembe zinazoishika alulosi zaidi) inafanya kazi: fruktosi hutangulia, alulosi hufuata, na fruktosi nairudisha tangini igeuzwe tena. Wazo la hamira nimelijaribu pia. Inakula fruktosi na kuiacha alulosi karibu yote, ila ni kulisha hamira malighafi yangu mwenyewe. Nimebaki na resini.